Samaki wa Mama Ploti

Mama Ploti alikuwa mvumilivu kwa watu wote isipokuwa yule aliyeingia nyumbani kwake akagonga kioo cha tangi kwa kidole. Huyo alimtoa nje kabla hajaketi. "Mlango wako ukigongwa hivyo mchana kutwa, wewe utakaa kwa amani?" Nakumbuka mgeni mmoja wa heshima, mtu wa ofisi ya chifu, alitolewa hivyo, na chai yake ikamfuata nje. Akainywa kwenye veranda, karibu na cherehani yangu, akiutazama mlango kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani.

Tulimwita Mama Ploti kwa sababu ploti ilikuwa yake: vyumba vya kupangisha pande mbili, bomba moja katikati, na nyumba yake mwisho, mlango ukitazama lango. Hii ilikuwa Homa Bay mjini, upande wa juu, ambapo ziwa unaliona vipande vipande kati ya mapaa. Mimi na mama tulikuwa chumba cha pili kutoka kwake. Nilipomaliza darasa la nane sikuendelea. Nilianza kushona sare za shule pale verandani, na kutoka kwenye kiti changu niliona mpaka ndani kwake, kwa maana mlango wake haukufungwa kabla ya jioni. Mimi si msemaji, na hilo lilimpendeza. Aliwaambia wageni, "Huyu hata akikaa karibu na samaki, hawashtuki."

Tangi lenyewe lilikuwa refu kama kitanda cha mtoto mchanga, limewekwa juu ya meza ya chuma iliyochomelewa na mafundi wa jua kali. Ndani kulikuwa na gapi, vile visamaki vyenye mikia kama vitambaa vya kitenge vilivyobaki kwa fundi. Na plati, wekundu, wanene kidogo. Na majani ya majini. Na mawe aliyoyaokota mwenyewe ufukweni. Chini kabisa, chini ya kigae kilichovunjika, aliishi okoko, samaki wa ziwani mwenye ndevu na asiye na magamba, ambaye ukimtoa majini hulia kama mlango usiotiwa mafuta.

Huyu okoko alileta maneno. Mama Ploti alikuwa Msabato wa kweli, na samaki asiye na magamba hakumla. Mama yangu, ambaye aliuza omena sokoni na hakuogopa kuuliza, alimwuliza, "Sasa Mama, najisi unaiweka sebuleni?"

"Kumla siwezi," alisema. "Kukaa naye naweza. Wewe wapangaji wangu wote ungewala?"

Watu wa mji wetu samaki wanawajua kwenye sufuria. Mwanamke aliyepita na karai la ngege kichwani alisimama mlangoni kila juma akachungulia. "Mama, hawa wadogo hivi utawapika lini?"

"Siku ile nitakupika wewe. Hebu teremsha karai nione ngege wako."

Na alinunua. Alipenda samaki kuliko nyama yoyote. Alikula ngege kwa mikono miwili, kichwa na macho, mifupa akiinyonya mpaka ikawa myeupe, ameketi mbele ya tangi, uso kwa uso na wale wengine. Hakuona ubaya wowote hapo. "Hao wanautazama ugali wangu tu," alisema.

Siku ya Sabato hakufanya kazi, na kuwalisha samaki kwake ilikuwa kazi. Kwa hiyo kila Jumamosi samaki walifunga. Wapangaji Wakatoliki walimsema kwamba ni mkatili. Yeye alijibu kwamba samaki wanaokufa kwa njaa hajawahi kuwaona, lakini wanaokufa kwa shibe amewaona wengi, maana chakula kisicholiwa huoza chini na kuharibu maji. Alilisha kidogo sana siku nyingine pia, kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili, na mtu akimhurumia samaki akataka kuongeza, mkono wake ulipigwa kofi.

Stima ikipotea alikuwa mtu mwingine. Pampu ya hewa ikinyamaza tu, aliacha lolote alilokuwa akifanya, hata kama ni mazungumzo na mzee wa kanisa, akachukua kikombe, akawa anachota maji ya tangi na kuyamwaga tena kutoka juu, anachota na kumwaga, ili yapate hewa. Aliweza kufanya hivyo mchana mzima. Katika shughuli hiyo aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya mno.

Watu waliotaka kuanza kufuga samaki walikuja kwake, hasa vijana. Mmoja alikuwa mpangaji mwenzetu, mwendesha bodaboda mwenye maneno mengi, aliyenunua tangi dogo kwa mtu aliyekuwa anahama. Alilijaza maji ya bomba saa ileile, akaja na mfuko wa nailoni mkononi.

"Mama, nipe kumi. Rangi rangi."

"Maji yako yana siku ngapi?"

"Siku? Si nimetoa kwa bomba sasa hivi. Ni safi kabisa."

"Safi kwako. Maji ya bomba yana dawa. Mwaga kwa ndoo, ziache wazi mpaka dawa itoke. Halafu jaza tangi, weka pampu na sponji, tia jani moja, ungoje."

"Ningoje nini?"

"Maji izoee kuwa na watu."

"Mpaka lini?"

"Mwezi."

Kijana alicheka akatutazama sisi wa verandani tumsaidie kucheka. "Mwezi mzima mimi nakaa naangalia maji? Majirani watasema nimerukwa na akili, Mama."

"Waseme. Kama huwezi kuangalia maji, samaki utawaangalia siku mbili uchoke."

Alingoja, akinung'unika. Mwezi ulipoisha alirudi, na Mama Ploti akakata kipande cha sponji kutoka kwenye tangi lake, cheusi, kinanuka matope, akampa akitie kwenye lile tangi dogo. Kijana alishika pua. Mama Ploti akamwambia kwamba uchafu ule ndio unaosafisha maji, una uhai ndani yake usioonekana, na kwamba sponji haifuliwi bombani hata siku moja. Unaikamua ndani ya ndoo ya maji uliyotoa kwenye tangi hilohilo, basi. Halafu akampa gapi watatu tu, wa kiume watupu.

"Watatu, Mama? Nilisema kumi!"

"Hawa wakiishi, uje uchukue wengine. Na wa kike sikupi. Ukichanganya, kabla ya Krismasi utakuwa unagawa watoto kama mimi."

Hivyo ndivyo alivyopangisha vyumba pia, ingawa sidhani aliliona hilo. Familia mbili mpya hazikuingia ploti wiki moja. Mtu mgomvi alipewa chumba cha pembeni, penye ukuta upande mmoja. Mgeni akija kuomba chumba, alimwacha aongee kwanza, akimtazama mdomo. Hata samaki wapya aliwatazama mdomo kabla ya kuwachanganya na wengine. "Ukitaka kujua nani atamla nani, usiangalie mkia," alituambia. "Angalia mdomo." Na kila aliye mdogo lazima awe na mahali pa kujificha. Mama yangu na mimi tulipoingia, alitupa chumba karibu na chake na kumhamisha jirani mwenye redio upande wa pili. Hakutueleza kwa nini. Tulikuwa tumetoka mahali pabaya.

Mzee mmoja wa kanisa lake hakusikia habari ya mdomo. Alikwenda Takawiri kwenye harusi akarudi na kitoto cha mbuta ndani ya chupa, kirefu kama kidole, kinang'aa kama fedha. Akakitia kwenye tangi alilokuwa amepewa na Mama Ploti pamoja na gapi. Baada ya muda alikuja ameshika kofia mkononi.

"Dada, samaki wangu wanapungua."

"Wanakufa?"

"Siwaoni wakifa. Nikihesabu wamepungua tu."

"Na mbuta?"

"Huyo anaendelea vizuri sana," mzee alisema, kwa fahari. "Amenenepa. Nilidhani wanapendana, kwa sababu anawafuata kila mahali."

Mama Ploti alicheka mpaka akashika mlango. Mbuta yule aliliwa kwa ugali, na mzee alikiri kwamba alikuwa mtamu, kwa sababu alilishwa vizuri.

Nimeanza na haya ya kuchekesha kwa sababu ndivyo alivyokuwa kwa miaka mingi. Lakini tangi lile halikuwa lake. Lilikuwa la mwanawe.

Mwanawe alikuwa na duka dogo la samaki wa mapambo Kisumu. Ndiye aliyelileta tangi, akalipanga, akachagua samaki wa kwanza mmoja mmoja, akamfundisha mama yake kila kitu nilichokisema hapa. Kila alipokuja nyumbani alikwenda kwanza kwenye tangi, akainama, mikono mgongoni, kisha ndipo akamsalimia mama yake. Mama Ploti alijifanya kukasirika. "Mimi ni wa pili," alisema. "Baada ya okoko."

Aliyemwoa alikuwa Mkuria, kutoka upande wa Migori. Mama Ploti na mkaza mwana huyo walizungumza Kiswahili, kwa maana mmoja hakujua Kijaluo na mwingine hakujua Kikuria, na Kiswahili chao kilikuwa cha kupapasa, kila mmoja akimngoja mwenzake amalize. Alipozaa msichana tukaanza kumwita Mama Boke. Mama Ploti alimwita nyathina, mwanangu. Lakini mawifi zake, dada za mumewe, hawakumpenda. Walisema hajui desturi, hasalimii inavyofaa, kaka yao amekonda. Hayo waliyasema kwa Kijaluo mbele yake, na yeye alitabasamu akidhani ni maongezi tu.

Mwana wa Mama Ploti alikufa barabarani, akirudi Kisumu.

Ploti ilijaa watu. Viti vilikodiwa, turubai likafungwa, sebule ya Mama Ploti ikatolewa vitu vyote isipokuwa tangi, maana lilikuwa zito. Mama Boke alitandikiwa mkeka. Wanawake wa kanisa walimwambia akae, mjane hukaa, lakini hakuweza kukaa. Alisimama akaosha vikombe vilivyokwisha oshwa. Akafagia palipofagiwa. Mawifi walimtazama.

Siku moja kabla ya kwenda kuzika tulikwenda mochari, Mama Ploti na wazee na sisi wanawake wachache, kupeleka nguo za kumvalisha. Mama Boke alizuiwa. Walisema ataangukia mwili. Tuliporudi, jua lilikuwa bado liko juu, na kutoka mlangoni nikaona tangi linang'aa.

Alikuwa ameliosha. Aliwatoa samaki akawaweka kwenye beseni, akamwaga maji yote, akasugua kioo kwa sabuni ya unga, na mawe moja moja, na kigae cha okoko. Akafua sponji mpaka ikawa nyeupe. Kisha akajaza maji ya bomba, akawarudisha samaki wa mumewe. Alikuwa amesimama kando ya tangi, mikono imekunjamana kwa maji, macho yamevimba.

"Wageni watakuja kutoka mbali, Mama," alisema. "Sikutaka waone kitu chake ni chafu."

Harufu ya sabuni ilijaa chumbani. Mama Ploti alisogea. Alitumbukiza kidole majini, akakinusa. Kisha alikifuta kwenye gauni lake, polepole. Okoko alikuwa amepanda juu, yeye ambaye hakupanda juu kamwe, akivuta hewa.

"Imeng'aa," Mama Ploti alisema. "Umefanya vizuri, nyathina. Yeye angefurahi."

Nilikuwa nyuma yake. Nikamnong'oneza, "Nilete beseni? Kuna maji ya juzi kwa ndoo yangu."

"Kaa," aliniambia, bila kugeuka.

Mara nyingi nimejiuliza kuhusu hilo neno moja. Baadhi ya samaki labda wangepona kama wangetolewa haraka. Yeye alilijua hilo kuliko mimi. Lakini mawifi walikuwa mlangoni, na kuwatoa samaki mbele yao ingekuwa kusema nani amekosea. Kwa hiyo aliketi kwenye kiti cha kukodi, mgongo kwa tangi, akapokea wageni mpaka jioni, na nyuma yake samaki wa mwanawe wakawa wanakufa.

Asubuhi walikuwa wanaelea wote. Wifi mkubwa aliona kwanza. Alipiga kelele, akaita wenzake, na mara hii alisema kwa Kiswahili, ili asikike na yule aliyetaka asikie. "Mume amekufa. Samaki wamekufa. Huyu mwanamke ameingia hapa na nini? Kesho ni nani?"

Mama Boke alikuwa kwenye mkeka na mtoto mapajani, hajaelewa bado kama anasemwa yeye.

"Ni mimi," Mama Ploti alisema. Alikuwa anafunga kitambaa kichwani, tayari kwa safari ya kwenda kuzika upande wa Asumbi. "Nimewaua mimi. Niliwamwagia chakula mkebe mzima. Sikujua ninachofanya. Mnataka kunizika nao?"

Wifi alirudi nyuma. Na mimi nilimtazama yule mwanamke aliyempiga kila mtu kofi mkononi kwa sababu ya chembe moja ya ziada, nikaona watu wazima wakitikisa vichwa kwa huruma, kwamba huzuni imemharibia akili.

Nilidhani limeisha hapo. Baada ya matanga Mama Boke alirudi ploti kuchukua vitu vyake. Alisimama mbele ya tangi tupu muda mrefu. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, mlango ukiwa wazi.

"Mama," alisema, "mimi sikulala pia. Lakini mkebe mzima? Alikuachia hao tu. Hao tu, Mama. Ungeshindwa kuwachunga siku chache?"

"Nimeshindwa," Mama Ploti alisema.

"Ningeomba wawili nipeleke kwetu. Boke angesema hawa ni wa baba."

"Najua, nyathina."

"Usiniite hivyo."

Aliondoka na mtoto mgongoni, akarudi kwao, na kwa muda mrefu hatukumwona. Simu za Mama Ploti hakuzipokea. Mama Ploti alifunika tangi kwa shuka. Mwendesha bodaboda alimletea gapi wanne kutoka kwa wale wake, ambao sasa walikuwa wengi, akasimama na mfuko mlangoni bila utani wowote. Mama Ploti alimkatalia. "Peleka kwa mtu anayejua," alisema. Vijana waliokuja kuuliza waanzeje aliwajibu kwamba yeye aliua wake, wamtafute mwingine. Baadhi walirudia maneno hayo mjini, wakicheka. Nilitaka kusema. Mara moja nilifungua mdomo mbele yake, naye akanitazama, akatikisa kichwa kidogo tu. Nikaendelea kushona.

Halafu akaanza kusahau. Alimsalimia mama yangu kama mpangaji mpya, akamtazama mdomo. Aliacha sufuria ikaungua. Kuna siku nilimkuta ameshika kikombe, anachota hewa ndani ya tangi kavu na kuimwaga. Mawifi walikuja, wakajadiliana nani atakaa naye, na kila mmoja alikuwa na shughuli. Aliyekuja na gari kumchukua ni Mama Boke. Alikuwa amefungua duka la nafaka Uriri. Mama yangu alimshukuru, naye akajibu bila kutabasamu, "Mama wa mume wangu nitamtupa wapi?"

Mwaka jana alinipigia simu. Alisema mama anakaa akitazama ukuta na kuulizia samaki, na kwamba amenunua tangi, nimwambie la kufanya. Nilimwambia kuhusu ndoo zilizoachwa wazi, pampu, kungoja mwezi. Nilimwambia alisuuze tangi kwa maji matupu. Sikusema zaidi. Mwezi ulipokwisha nilikwenda Uriri na kipande cha sponji nyeusi na gapi watatu kutoka kwa yule wa bodaboda.

Mama Ploti alikuwa amekonda. Hakunijua, lakini alijua mfuko nilioshika. Macho yake yalifunguka.

"Usiwamwage!" alisema. "Weka mfuko wote juu ya maji kwanza. Waonje joto."

Mama Boke aliuweka mfuko uelee juu ya maji. Alikuwa amepanga mawe vizuri, na mmea mmoja. Boke, sasa msichana wa shule, alisimama mikono mgongoni, ameinama, bila kufundishwa na mtu. Tulingoja. Mama Ploti alisogeza kiti chake, akaanza kufundisha, na sauti ilikuwa ileile ya zamani. Chakula kidogo. Angalia mdomo. Usigonge kioo. Mama Boke aliitikia kila neno, "Ndiyo, Mama," kama unavyomwitikia mgonjwa.

"Na sabuni," Mama Ploti alisema, "usiilete hapa. Hata mkono uliofua nguo, usiutie."

"Sawa, Mama."

"Kuna mmoja alisugua tangi la kijana wangu kwa sabuni. Ya unga. Akafua hata sponji. Wakafa wote."

Mkono wa Mama Boke ulikuwa juu ya mfuko. Ukabaki hapo.

"Nani, Mama?"

Mama Ploti alifikiri. Alimtazama usoni, akamtazama kwa makini, jinsi alivyowatazama waliokuja kuomba chumba.

"Simkumbuki. Msichana wa watu. Alikuwa analia na kusugua, analia na kusugua."

"Ulimwambia?"

"Nimwambie nini? Alikuwa amefiwa. Walikuwa wanamtafutia kosa. Mimi nikasema ni mimi. Mimi nilikuwa mzee, wangenifanya nini?"

Mama Boke alinigeukia. Hakuniuliza kwa mdomo. Nami niliinamisha kichwa, ndiyo, na hilo lilikuwa jambo gumu kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu.

Alikwenda kwenye ndoo ya maji safi, akasuuza mikono mpaka kwenye viwiko, akarudi, akafungua fundo. Gapi walitoka mmoja, akafuata wa pili. Wa tatu alikaa mdomoni mwa mfuko, hataki, kisha naye akaingia. Boke alipiga makofi kimyakimya. Mama Boke alipiga magoti kando ya kiti cha mama mkwe wake, akaweka paji la uso juu ya goti lake, mabega yakitikisika.

Mama Ploti alimtazama, akatazama tangi, akamtazama tena. Akaweka kiganja juu ya kichwa chake.

"Sasa unalia nini, nyathina?" alisema. "Si wako hai hawa?"